Nilitumwa Thailand, Nikafika Troyeville

Mmeniomba niwaandikie namna nilivyofanya kazi, ninyi mnaoanza sasa katika idara yetu ya misheni. Nilitaka kukataa. Watu wakistaafu huanza kuandika, wakianza kuandika huanza kujisifu, na kazi yangu haina mengi ya kujisifia. Lakini juzi baada ya ibada nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake kwamba Mama Esta alitumwa Troyeville. Hapana. Nilitumwa Thailand. Troyeville ndiko nilikofika.

Kanisa letu la Kigoma lilikuwa na urafiki na kanisa dogo la mji wa Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na wazee wakaamua kunituma mimi: mwinjilisti, mjane, watoto wakubwa, afya ya punda. Johannesburg ilikuwa kituo cha njiani tu. Hapa palikuwa na chuo kikuu chenye wanafunzi Wathai, na palikuwa na kanisa la Waswahili, mtaani Troyeville, lililokubali kunipa chumba. Ningejifunza lugha huku nikingoja viza, kisha niondoke. Nilikuja na masanduku mawili. Moja sikulifungua, kwa sababu nilijiambia kwamba hilo ni la Thailand.

Mwalimu wangu aliitwa Wipa, mwanafunzi wa shahada ya juu pale Braamfontein, nami nilimwita Khru Wipa, maana khru kwao ni mwalimu. Alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, mwenye miwani mikubwa, na siku ya kwanza alinipa sharti kabla hata sijakaa. Angenifundisha Kithai, mimi nisimfundishe dini. Nikakubali. Nilipanda basi la mwendokasi kwenda kwake, tukaketi kwenye ngazi za maktaba, na kwa wiki nyingi sikufanya lolote ila kupandisha na kushusha mkono. Kithai kina sauti tano, na kila silabi ina yake. Khru Wipa alinitaka mkono wangu uifuate sauti, juu, chini, katikati, uzame kisha uibuke. Wanafunzi waliopita walidhani naongoza kwaya isiyoonekana.

Sikuweza. Mswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho kama mtu anayekanyaga ngazi anayoijua, na kila neno la Kithai nililitamka hivyo. Siku moja Khru Wipa, aliyekuwa na subira ya kipimo, aliniuliza kama sina lugha nyingine kichwani. Nikamwambia ninayo, Kiha cha bibi yangu. Nikamsemea sentensi mbili. Alisimama. Akasema hicho ndicho nimekuwa nikikificha: Kiha kinapanda na kushuka. Tangu siku hiyo nilipotaka kusema Kithai nilimkumbuka kwanza bibi yangu akiwafokea mbuzi. Nawaambia hivyo kwa sababu mtaambiwa mnunue vitabu na programu za simu, na ni vizuri, lakini pekueni kwanza mlichokuja nacho.

Basi nikaanza kuelewa, na hapo ndipo habari ilipokuja kutoka Khon Kaen. Lile kanisa rafiki lilikuwa limegawanyika. Wakristo hatuhitaji kufundishwa kugawanyika, tunazaliwa tunajua. Upande mmoja ulichukua jengo, upande mwingine ukachukua mchungaji, na barua ya mwaliko iliyobeba maombi yangu ya viza ikawa barua ya kanisa lisilokuwepo. Wazee wa Kigoma walinipigia simu wakaniambia nisubiri. Subiri ni neno la mtu aliyeketi. Mimi nilikuwa nimesimama katika nchi ya watu, kibali changu cha kukaa kikielekea ukingoni, wenyeji wa mtaa wa pili wakiandamana kwamba wageni tuondoke, na lugha mdomoni ambayo sikuwa na mtu wa kuisema naye. Nililia. Sikulia kiroho, nililia kwa hasira.

Mchungaji wa Troyeville alikuwa Mchungaji Kasongo, mtu wa Kalemie huko Kongo, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Kwa sababu ya ziwa hilo tulikuwa watani; alisema Waha tumezaliwa wabishi, nami nilimwambia watu wa Kalemie huvua samaki kwa maneno. Alinikuta katika hali ile akaniambia jambo la maana. Alisema nyuma yetu tu, Bezuidenhout Valley, kuna nyumba imejaa wanawake wa Kithai, wapishi na wakandaji wa miili, wanaonunua mahitaji yao kule Cyrildene kwenye maduka ya Wachina. Kama Mungu hakutaka niende Thailand, huenda Thailand ilishakuja kwa miguu yake.

Kanisa lake likaniombea kibali kipya na kuichukua kazi hiyo. Nilikwenda na maandazi. Aliyefungua mlango alinisikia nikimwamkia kwa Kithai, akashtuka, akaita wengine, wakaja wote mlangoni kumtazama mwanamke mweusi anayeongea, kama walivyoniambia baadaye, kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya Bangkok. Walicheka, wakapokea maandazi. Nilirudi nyumbani nikiimba. Siku chache baadaye maofisa wa vibali wakaivamia nyumba ile, wakawachukua wawili. Mngefikiri nini mngekuwa wao? Mgeni asiyejulikana anakuja, anasema lugha yenu bila sababu, anahesabu nyuso, na polisi wanamfuata nyuma. Mlango haukufunguliwa tena. Nilibisha mara nyingi, nikasikia vyombo vikinyamaza ndani. Cyrildene wakiniona walivuka barabara hata kama robot, taa ya barabarani, ni nyekundu.

Hali hiyo ilidumu, nami niliendelea kwenda kwa Khru Wipa, kwa ukaidi tu. Wakati huo ndipo aliponifundisha lile ambalo hadi leo naliona kuwa chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Aliniambia kwamba kwao mtu aliyelelewa vizuri huona haya kumpa mwenzake usumbufu. Ukimuuliza jambo la ndiyo au hapana, atasema ndiyo, atatabasamu, na hajakubali kitu. Amekupokelea tu neno lako lisianguke chini. Kwa hiyo, alisema, ukitaka ukweli wa Mthai usimuulize anakubali au anakataa. Muulize swali linalotaka hadithi.

Sikulielewa vizuri mpaka nilipokutana na Noi.

Noi alikuwa mpishi, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mtu anayebeba masufuria, na alikuwa mmoja wa wale waliovuka barabara. Siku hiyo nilimkuta kliniki. Nilikuwa nimempeleka mama mmoja wa kanisa kupima presha, nikamwona Noi kwenye benchi, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha jikoni. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamemmwagikia siku kadhaa kabla. Muuguzi alimuuliza kwa Kiingereza kama anaumwa sana, Noi akatabasamu. Muuguzi akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemwamkia, kama ninaweza kumtafsiria. Nikamuuliza Noi kama anaumia. Akasema haina neno, akatabasamu zaidi. Muuguzi akataka kumwita mgonjwa mwingine.

Nilitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeshika ukingo wa benchi mpaka kucha zimepauka. Nikamuuliza: jana usiku ulilala upande gani? Noi akasema hakulala, aliketi jikoni mkono ukiwa ndani ya ndoo ya maji, na asubuhi alipojaribu kuvaa shati alizimia. Nikamtafsiria muuguzi yote. Akarudi mbio, akafungua kitambaa, akaita daktari. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kuoza.

Tangu hapo Noi aliniita Pa, neno la Kithai lenye maana ileile ya mama mkubwa wa kwetu. Mlango wa Bezuidenhout Valley ulifunguka, kidogo, kwa ajili yake. Wenzake hawakunipenda kamwe, sitawadanganya. Lakini Noi alikuja kanisani kutazama, akarudi, akaanza kukaa jikoni na akina mama wa Kongo siku za mikutano, akawafundisha kukaanga vitunguu saumu, nao wakamfundisha Kiswahili chao kitamu kisichofuata sheria. Tulisoma Injili pamoja kwa Kithai, mimi na yeye, miaka kadhaa, yeye akinisahihisha lugha na mimi nikimjibu maswali. Maswali yake yalikuwa magumu. Siku moja ya kawaida, akimenya vitunguu, aliniambia kwamba anataka kubatizwa. Sikuwa nimemuuliza. Ndiyo maana niliamini.

Kabla ya ubatizo alikwenda likizo kwao, Khon Kaen kulekule, kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa wa moyo, na binti yake aliyekuwa akilelewa na mama huyo. Aliporudi alikuwa na uzi mweupe wa pamba umefungwa kwenye kifundo cha mkono, kando ya kovu la mafuta.

Nitaeleza uzi ule kama Noi alivyonieleza. Kwao mtu akisafiri mbali, wazee humfunga uzi mkononi na kumnenea maneno, ili uhai wake usishtuke ukabaki njiani, na ili ajue kuna mahali anaitwa. Mama yake aliufunga mwenyewe, akamwambia: popote ulipo, wewe ni wangu. Uzi wa namna hiyo haukatwi. Unaachwa uchakae wenyewe uanguke, au unafunguliwa kwa mkono. Kuukata kwa chuma ni kama kukata maneno ya aliyeufunga.

Sasa mnajua nyote kanisani kwetu tulifanya nini na hirizi. Kila aliyebatizwa alitoa alichovaa, hirizi ya kiunoni, pete ya mganga, kamba ya mtoto, vikakatwa na kuchomwa kwenye ndoo. Sikuwahi kuona tatizo. Nimekulia Kigoma, nimeona hirizi zinavyofanya watu watumwa. Mchungaji Kasongo alipouona uzi wa Noi alitangaza kwamba utakatwa kabla hajaingia majini, nami nikaenda ofisini kwake kumweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza habari ya mdogo wake, ambayo hakuwa ameisimulia madhabahuni. Mtoto aliugua homa huko Kalemie. Bibi yao akamfunga kamba shingoni na mikononi, na kila homa ilipopanda akaongeza kamba, wala hakuruhusu apelekwe hospitali ili nguvu ya kamba isivunjike. Mtoto akazikwa nazo. Tangu siku ile Mchungaji hakuwahi kugusa kamba ya namna hiyo kwa vidole vyake. Ndiyo maana alitumia mkasi.

"Mama Esta," alisema, "mi siwezi kuingiza mutu mu mayi na kamba ile. Mutoto wa mama yangu alikufa nayo. Unisamehe."

Hakukuwa na utani siku hiyo. Wote wawili, yeye na mama wa Khon Kaen, walikuwa na haki, na mimi nilikuwa katikati na lugha zote mbili.

Noi nilimwambia nini? Nilimweleza Mchungaji alivyosema, nikamuuliza swali refu, naye akajibu jibu refu lililohusu bei ya samaki. Hakutaka kulizungumza. Nilijua hajakubali, nikaogopa.

Siku ya ubatizo tulikwenda nyumbani kwa Bi Njeri, Mkenya wa benki, mwenyekiti wa kamati yetu ya misheni, aliyekuwa na bwawa la kuogelea huko vitongoji vya kaskazini. Mnajua tulivyokuwa tukifanya: taksi mbili zimejaa kanzu nyeupe, watoto wakikatazwa kukimbia ukingoni, mabwana wa kamati wamevaa suti na viatu vimeshalowa. Kamati yote ilikuwepo. Walikuja kumwona Noi. Kazi ya Kithai ilikuwa imekula miaka bila kuonyesha mtu hata mmoja, na Bi Njeri alikuwa ameniambia wazi, bila ukali, kwamba kama huyu hatabatizwa, yeye hataweza kuitetea tena kazi hiyo. Vijana wa Kongo wakazama wakaibuka, tukaimba. Noi alikuwa wa mwisho.

Mchungaji alisimama ukingoni, mkasi mkononi, akaniambia nimtafsirie Noi kama anakubali uzi uondolewe. Nikatafsiri kama alivyosema. Noi akautazama mkasi. Akawatazama watu, suti, watoto, chakula kilichofunikwa mezani. Akatabasamu, akasema "kha", neno la adabu la wanawake wa kwao linalofanya kazi ya ndiyo, akanyoosha mkono.

Akina mama wakaanza vigelegele. Mchungaji alikuwa ameshafungua mkasi, lakini alikuwa mtu wa utaratibu, akasubiri tafsiri.

"Anasema nini?"

Neno moja tu lilitakiwa, neno ambalo kila mtu pale alishalisikia kwa macho, na miaka yangu yote ingekuwa na tunda.

"Hajakubali, Mchungaji," nilisema. "Amekuheshimu."

Vigelegele vilikatika. Bi Njeri aliniuliza kwa sauti ya chini ninafanya nini, watu wamekuja na watoto. Nilimgeukia Noi nikamuuliza kwa Kithai: mama yako akipiga simu leo jioni, akataka kuuona mkono wako, utamwambia nini?

Tabasamu likabaki, lakini macho yaliacha kutabasamu. Alisema atamwambia uzi ulikatika wenyewe. Nikamuuliza mama atafanya nini. Akasema mama atajua, atasema haina neno, na ataumwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba mimi nimesubiri miaka mingi mno, na hataki nirudi kwetu mikono mitupu mbele ya wakubwa wangu.

Nilitafsiri yote, hata hilo la mwisho, ingawa lilikuwa langu na ningeweza kubaki nalo. Halafu nikasema leo habatizwi. Mtu akiingia majini kwa ajili yangu, nikasema, huyo nimembatiza kwa jina langu.

Mchungaji akafunga mkasi. Aliponipita aliniambia, "Umenipatisha haya mbele ya bantu," akaingia ndani ya nyumba. Tulikula chakula. Noi aliosha vyombo vyote vya Bi Njeri na kila mtu alimwacha aoshe.

Kamati iliifunga kazi ya Kithai mwezi uleule. Nilipewa shule ya Jumapili, watoto wanaokuelewa Kiswahili na kukujibu Kiingereza na Kizulu, na nawaambia hao wamenichosha kuliko Kithai. Mchungaji na mimi tukawa watu wa salamu za kikazi. Ziwa lilibaki pale pale lakini utani ulikauka. Noi aliendelea kuja kila Jumapili, akiketi nyuma, mkono wa shati umevutwa hadi kwenye vidole hata wakati wa joto. Nilimtembelea kila Jumamosi kama zamani, kwa kuwa kamati inaweza kufunga kazi lakini haiwezi kufunga mlango wa mtu anayeniita Pa.

Kulikuwa na siku nilizojiuliza kama nilifanya sawa. Kulikuwa na siku nilizomkasirikia yeye kwa kuwa na adabu kupita kiasi. Uzi uligeuka rangi ya chai, ukakaza fundo kwa maji ya kuoshea vyombo, wala haukuanguka.

Kisha asubuhi moja ya katikati ya wiki Noi alikuja chumbani kwangu na nguo zake za jikoni. Aliniambia mama yake amefariki. Alisema hivyo akitabasamu, akaniomba radhi kwa kunisumbua kabla ya chai. Kibali chake kilikuwa kimepelekwa kufanywa upya. Akitoka nchini asingeruhusiwa kurudi, na binti yake huko alikuwa akiutegemea mkono huu mmoja. Angeona mazishi kwenye simu.

Nilimpigia Mama Riziki, msusi wa Kikongo mwenye saluni Jeppestown, mtu ambaye ukimwambia jambo moja wanajua watu hamsini. Kabla ya adhuhuri akina mama walifika Bezuidenhout Valley na magodoro vichwani. Waliondoa meza na viti sebuleni, wakatandika chini, wakaketi matanga ya mama wa Kithai ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Wathai wenzake Noi walisimama mlangoni wakishangaa. Nilijivunia watu wangu, nakiri.

Lakini ikaanza kwenda vibaya. Noi hakuketi. Alikuwa akipita na sinia, akimpa kila mtu chai kwa mikono miwili, akiinama, akitabasamu, akiwaomba radhi kwa safari yao. Akina mama walikuja kulia naye na mwenye msiba alikuwa akiwahudumia kama wageni wa harusi. Nilisikia wakinong'onezana. Mmoja alisema huyu hana uchungu. Mwingine akasema mama yake amekufa naye anacheka, akaanza kutafuta viatu vyake. Wakiondoka wale, nilijua, Noi hatakanyaga tena kanisani. Ataona amewasumbua bure, naye atabaki na simu yake peke yake.

Ndipo Mchungaji Kasongo alipoingia. Hakuwa amewahi kufika nyumba ile. Alivua viatu, akaketi kwenye godoro karibu na ukuta.

Noi akamletea chai. Alikuwa ametoka kuosha vikombe na mikono ya shati ilikuwa imekunjwa. Uzi ulionekana, na Mchungaji akauona, na kila mtu akamwona anauona. Noi akaweka sinia chini, akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mkono. Kisha akasema nami kwa Kithai, polepole, ili nisikosee.

Nikatafsiri. "Anasema aliyeufunga hayupo tena. Wa kuufungua awe mzee, na hapa mzee ni wewe. Anasema kama unaogopa, haina neno."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mchungaji Kasongo kwamba anaogopa, tena mbele ya washirika wake. Alikaa akiutazama mkono ule. Mama Riziki, kwa nia njema, akavuta mkoba wake.

"Pasteur, niko na wembe mu sakoshi."

"Apana," alisema Mchungaji. "Wembe, apana."

Akaushika uzi kwa vidole vyake. Niliona ngozi ya mikono yake ikisisimka. Fundo lilikuwa gumu kama mbegu, na kucha zake zilikuwa fupi, akajaribu, likateleza, akajaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Hakuna aliyemsaidia. Alipoona kucha hazitoshi aliinama akalishika kwa meno, mtu yule ambaye hakuwa amegusa kamba tangu utoto, akalilegeza, akamalizia kwa vidole. Uzi ukafunguka. Akaulaza kiganjani, akautazama, akamrudishia Noi kwa mikono miwili.

Noi akaupokea, akatabasamu, akaanza kushukuru. Mchungaji hakumrudishia tabasamu. Alinigeukia mimi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya bwawa kunitazama usoni.

"Mama Esta, umuulize anataka nini. Umuulize vile we unajuaka kuuliza."

Nikapiga magoti kando ya Noi. Nikamuuliza: kama hapa pangekuwa nyumbani kwenu, na hakuna mgeni hata mmoja wa kupewa chai, ungekuwa unafanya nini sasa hivi?

Kisha midomo yake ikashuka, na nikauona uso ambao kwa miaka yote ile sikuwa nimeuona.

"Kwanza ningelia kwa sauti," alisema. "Nimechoka kutabasamu, Pa. Ubatizo utangoja."

Nikawatafsiria neno kwa neno. Mama Riziki akaweka kikombe chini, akamvuta Noi kwenye godoro, akamkumbatia, akaanza kilio, na akina mama wa Kongo katika jambo hilo hawaombwi mara mbili. Aliyekuwa ametafuta viatu akavitupa. Mchungaji alifunika uso kwa mikono yake. Sauti ya Noi ilichelewa kidogo kutoka, kisha ikazipita zote.